Mheshimiwa Vumbi wa Songea

Vumbi ni udongo uliopewa ruhusa ya kusafiri. Mjini Songea ruhusa hiyo hutolewa mwezi Mei mvua zinapokatika, na hufutwa Novemba au Desemba zinaporudi. Katika miezi ya katikati vumbi jekundu huwa mkazi kamili wa mji. Hupanda bajaji bila nauli kutoka Mfaranyaki hadi Lizaboni, huhudhuria ibada zote za Jumapili, hukalia kochi la sebuleni kabla ya mgeni aliyetandikiwa kitambaa, na huonja kila chakula kilichoachwa bila kawa. Shati jeupe lililoanikwa Bombambili asubuhi huanuliwa mchana likiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama mwenye nyumba hunyunyiza maji, hufagia, huegesha mfagio wa chelewa ukutani, na akigeuka anakuta meza imekwisha kuvaa tena.

Viumbe wengine wa hali ya hewa wametendewa vizuri zaidi. Mvua huombewa misikitini na makanisani. Jua hushukuriwa na waanikao mahindi. Upepo umepewa majina, kusi na kaskazi, kama watoto wa nyumba. Vumbi limeambulia mfagio. Dhuluma hii ni kubwa, maana kati ya hao wanne ni vumbi tu linalotunza kumbukumbu. Mvua huteremka na kwenda zake mtoni, jua huzama, upepo haushikiki. Chembe ya vumbi ikitua mahali pasipofagiwa hukaa hapohapo kwa maelfu ya miaka, ikiwa na habari zote za upepo ulioileta: ulitoka upande gani, ulikuwa na nguvu kiasi gani, na nchi ulikopita ilikuwa kavu kiasi gani. Wachunguzi wa tabianchi ya kale hulitegemea vumbi kama mahakama inavyomtegemea karani, na kama ilivyo kwa makarani, hakuna anayemkumbuka mpaka faili linapotafutwa.

Sifa ya kwanza ya vumbi ni nidhamu ya safari. Chembe laini kabisa haziondoki ardhini kwa urahisi, kwa sababu zimeshikana. Zinazoanza ni punje za mchanga zenye upana wa karibu milimita 0.1. Upepo ukizisukuma huruka kidogo, hurudi chini, hugonga udongo, na kila mgongano huzifyatua chembe laini zilizokuwa zimelala. Aliyeeleza mwendo huo kwa makini ni Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyetembea na magari katika majangwa ya Misri na Libya, katika kitabu chake cha mwaka 1941. Kwenye barabara isiyo na lami kazi ya mchanga hufanywa na tairi la lori la mahindi, na matokeo ni yaleyale. Baada ya hapo kila chembe hufuata cheo chake. Mchanga huanguka jirani. Chembe za kati husafiri wilaya mbili tatu. Zile zilizo chini ya milimita 0.02 hukaa angani siku nyingi na huweza kuvuka bahari. Kwa hiyo anayekuta vumbi la kale hupima kwanza ukubwa wake: chembe zikiwa nene, upepo ulikuwa mkali au chimbuko lilikuwa karibu.

Sifa ya pili ni kwamba vumbi halifichi kwao. Kidole gumba kikipitishwa kwenye ukingo wa dirisha mwezi Septemba, hutoka na ushahidi wa mkoa mzima. Wekundu ni kutu ya chuma iliyomo katika udongo wa nyanda hizi. Vimetameta vidogo ni kwatzi iliyomeguka kutoka kwenye miamba. Weusi unaopaka ngozi ni masizi ya mashamba na misitu inayochomwa mwisho wa kiangazi, na ndani yake kuna chavua za nyasi na za miti ya miombo ambazo hadubini huzitambua kwa sura. Chembe zilizotoka kwenye miamba ya volkano zina mchanganyiko wake wa elementi, tofauti na zilizotoka kwenye miamba ya kale. Mtu anaweza kudanganya kuhusu kijiji alikozaliwa. Chembe haiwezi.

Tatizo ni kwamba Songea yenyewe ni mahali pabaya pa kuhifadhi nyaraka. Mfagio huharibu kurasa kila asubuhi, mvua za masika huzisomba, na mchwa huzichanganya. Ni kweli kwamba jina la mji limo katika vitabu vya jiolojia: tabaka za miamba ya Karoo katika bonde la Ruhuhu huitwa Kundi la Songea, na zile za chini kabisa zina mabaki yaliyoachwa na barafu karibu miaka milioni 300 iliyopita, wakati nchi hii ilipokuwa karibu zaidi na ncha ya kusini. Lakini nyingi ya tabaka hizo ziliwekwa na barafu, mito na maziwa, na vumbi, kwa ungwana wake, halidai sifa isiyo yake. Daftari lake la mkoa wa Ruvuma liko magharibi, mwisho wa barabara ya Mbinga na Mbamba Bay, chini ya Ziwa Nyasa.

Ufukweni Mbamba Bay uhusiano wa vumbi na binadamu ni uleule wa Songea. Usipa huanikwa juani, upepo hupita, na mlaji husikia kitu kikisaga kati ya meno. Ila kilometa chache kutoka hapo maji yana kina ambacho mfagio haufiki. Ziwa hili lina kina cha meta 700 hivi mahali pake pa chini kabisa, na kuanzia meta 200 kwenda chini maji hayana oksijeni. Hilo ni jambo la maana kuliko linavyosikika. Pasipo na oksijeni hapana minyoo wala konokono wa kufukua tope, na kila kinachotua hubaki kilipotua, juu ya cha mwaka jana na chini ya cha mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimekuwa kikijazwa kwa zaidi ya miaka milioni moja.

Jinsi kinavyojazwa inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kusi inapovuma wakati wa kiangazi huyasukuma maji ya juu ya ziwa kuelekea kaskazini, na nyuma yake maji ya chini, yenye virutubisho, hupanda juu. Mwani uitwao diatomu, wenye maganda ya silika kama vioo vidogo, husitawi kwa shibe hiyo, hufa, na maganda yake hushuka chini kama unga mweupe. Masika yakifika, mito huleta tope jeusi. Mahali ambapo tabaka hizo hazijavurugwa, mwaka mmoja wa ziwa ni mstari mmoja mweupe na mmoja mweusi, ambayo kwa pamoja haizidi sana milimita moja. Ukanda mweupe ni kiangazi chenye upepo, ukanda mweusi ni mvua. Tope likitolewa kwa bomba na kupasuliwa kwa urefu, huonekana kama kurasa za kitabu zilizotazamwa kwa ubavu.

Mwaka 2005 mradi wa kimataifa wa kuchimba tope la ziwa hili, ukiongozwa na wanasayansi kama Christopher Scholz, Andrew Cohen na Thomas Johnson, ulitumia tishari lililogeuzwa mtambo wa kuchimbia upande wa Malawi. Mahali pa kwanza bomba lilishuka katika maji yenye kina cha meta 592, kisha likaingia meta 380 ndani ya tope. Kilichopatikana kilisafirishwa hadi Minnesota, Marekani, kikawekwa katika ghala lenye baridi ya kudumu. Udongo ambao kwao hupigwa teke na kila mpita njia uko huko na lebo, namba na rafu yake, na asiye na kibali haruhusiwi kuugusa. Hakuna mkazi wa pwani ya ziwa aliyepata kupokelewa ugenini kwa heshima kama hiyo.

Mambo yaliyosomwa humo ni mazito. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita eneo hili lilipitia vipindi vya ukame ambao hakuna mzee wa leo anayeweza kuuwazia: kina cha ziwa kilishuka kwa karibu meta 600, na chavua zilizobaki zinaonyesha kwamba nchi ya kandokando ilikuwa nusu jangwa. Mahali ambapo leo mvuvi wa mbasa hutupa wavu, vumbi lilikuwa na makazi rasmi.

Habari ya upepo wenyewe imesomwa katika tope la karibuni zaidi, la miaka 25,000 ya mwisho. Johnson na wenzake walikuta kwamba katika kile kipindi ambacho Ulaya ya kaskazini ilirudiwa ghafla na baridi kali, miaka 12,900 hadi 11,700 hivi iliyopita, diatomu ziliongezeka sana katika ncha ya kaskazini ya ziwa. Mantiki ni ileile ya kusi, ila imegeuzwa: ili maji ya chini yapande kaskazini, lazima upepo uvume kutoka kaskazini. Ushahidi wa diatomu peke yake ungeweza kubishaniwa. Hapo ndipo vumbi lilipoitwa kizimbani. Kaskazini mwa ziwa iko milima ya volkano ya Rungwe, ambayo miamba na majivu yake yana niobi na zirikoni nyingi kuliko miamba ya kale ya milima ya Livingstone. Kiasi cha elementi hizo kikilinganishwa na titani, ambayo imejaa kila mahali, huonyesha ni lini unga wa Rungwe uliongezeka katika tope. Uliongezeka katika kipindi kilekile. Ukanda wa mvua wa kitropiki ulikuwa umesukumwa kusini zaidi, kaskazi ikapata nguvu, ikapita Rungwe na kuchota majivu, ikayamwaga ziwani. Baridi ya Ulaya ikawa imeandikwa chini ya ziwa la Wanyasa kwa wino wa vumbi la Wanyakyusa.

Jirani hapo, karibu na Tukuyu, Ziwa Masoko, dogo na la mviringo ndani ya kreta ya volkano, limesomwa kwa njia nyingine. Mtoto aliyewahi kuburuta sumaku ya spika bovu mchangani anajua kwamba hutoka na ndevu nyeusi. Ndevu hizo ni madini ya chuma, na wingi wake katika tope hupimwa kwa mashine bila kuliharibu. Vipimo vya Masoko vilivyochapishwa na Yannick Garcin na wenzake vinaonyesha mabadiliko ya ghafla pale kipindi hicho cha baridi kilipokwisha, na mvua za msimu zikarudi katika utaratibu wake.

Neno msimu lenyewe lina haki ya kutajwa hapa. Lilitoka katika Kiarabu, mawsim, na mabaharia wa Ulaya walichukua neno hilohilo kuzitaja pepo za Bahari ya Hindi. Kwa Mswahili, anayesoma historia ya monsuni anasoma historia ya kusi na kaskazi, na daftari la pepo hizo halikuishia ziwani. Kusi ikishavuka ikweta hupinda na kuelekea Uarabuni. Mashapo ya chini ya Bahari ya Arabu yamejaa vumbi la Uarabuni na la Pembe ya Afrika, na Steven Clemens na Warren Prell walitumia ukubwa wa chembe zake kukadiria nguvu ya monsuni ya zamani. Peter deMenocal, katika makala ya mwaka 1995, alionyesha kwamba vumbi lililopeperushwa kutoka Afrika na jirani zake lilibadili mwenendo wake karibu miaka milioni 2.8, milioni 1.7 na milioni 1 iliyopita, vipindi ambavyo nchi za Afrika zilizidi kukauka. Katika Ghuba ya Oman, tabaka moja la mashapo lina vumbi jingi lisilo la kawaida lililotua miaka 4,000 na kidogo iliyopita, likitoka Mesopotamia, karibu na wakati dola ya Akkad ilipoporomoka. Wafalme wa Akkad walijiandikia sifa zao kwenye mawe. Habari ya ukame iliachiwa vumbi.

Karibu umri huohuo umetajwa nyumbani. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro na kupata nguzo sita, ndefu kuliko zote ikiwa na karibu meta 51. Ndani ya mojawapo mlikuwa na mstari wa vumbi wenye unene wa milimita 30 hivi, waliousoma kuwa wa miaka 4,000 iliyopita, wakati wa ukame mrefu. Baadhi ya wataalamu wanaubishia umri wa barafu hiyo, na ubishi huo haujapoa. Hata hivyo ni jambo la kuvutia kwamba hata kileleni, mahali ambapo watalii hulipa fedha nyingi kufika, vumbi lilikuwa limekwisha kutangulia.

Ngorongoro vumbi limefanya zaidi ya kutunza hali ya hewa. Huko Laetoli, miaka milioni 3.66 iliyopita, viumbe wa jamii ya binadamu walitembea juu ya majivu mabichi ya volkano, na nyayo zao zikafunikwa na majivu mengine. Kikosi cha Mary Leakey kilizifukua mwaka 1978. Sehemu kubwa ya tabaka zinazozizunguka ni majivu yaliyohamishwa na kupangwa upya na upepo. Pale kwenye bonde la Olduvai, Richard Hay alieleza tabaka kama hizo katika sehemu ya Lemuta, ya miaka milioni 1.7 hivi iliyopita, dalili ya nchi kukauka. Na anayependa kuliona vumbi likiwa kazini aende kwenye kilima cheusi cha majivu ya Ol Doinyo Lengai kilicho karibu na bonde hilo, chenye umbo la mwezi mchanga, ambacho husogea karibu meta 17 kila mwaka. Mwenda bure si mkaa bure.

Safari iliyosifiwa kuliko zote ni ya jivu la Toba. Volkano hiyo ya Sumatra, Indonesia, ililipuka karibu miaka 75,000 iliyopita, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba giza na baridi iliyofuata nusura viwamalize binadamu. Mwaka 2013 Christine Lane na wenzake walitangaza kwamba wamepata vipande vya kioo vya mlipuko huo katika tope la Ziwa Nyasa, zaidi ya kilometa 7,000 kutoka chanzo, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Walipotazama tope lililo juu na chini ya vipande hivyo hawakuona dalili ya baridi kali ziwani. Chembe hizo ziliwasili kama kidhibiti cha kosa, na zikaishia kuwa mashahidi wa upande wa utetezi.

China vumbi limepanda cheo kabisa. Huko limejaza uwanda mzima, mahali pengine kwa unene wa zaidi ya meta 100, na watu wengi wamechimba nyumba ndani yake. Liu Dongsheng na wenzake walilisoma tabaka kwa tabaka hadi miaka milioni 2.6 nyuma: chembe nene zilipotua, pepo za baridi za kipupwe zilikuwa na nguvu, udongo ulipopata rangi ya kahawia na kuongeza usumaku, mvua za majira ya joto zilikuwa zimetawala. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Tyler mwaka 2002.

Ili sifa zisigeuke kuwa za kununuliwa, kasoro nazo zitajwe. Vumbi halina tarehe. Kaboni-14 husaidia kwa miaka kama 50,000, tena ikiwa kuna mabaki ya viumbe. Kwa punje za kwatzi kuna njia nyingine: punje iliyofukiwa hujikusanyia nishati kutoka kwenye mnururisho wa ardhi, na mwanga wa jua huifuta nishati hiyo yote. Punje ikichukuliwa gizani na kutayarishwa chini ya taa nyekundu hafifu, kama picha za zamani zilivyosafishwa studio, ikipimwa hutoa mwanga unaoonyesha ni muda gani umepita tangu ilipoliona jua mara ya mwisho. Vumbi pia huchanganyika na wengine. Mito kama Kiwira na Mbaka huteremsha udongo wa Rungwe ziwani bila msaada wa upepo wowote, na mtafiti asiyetenganisha mto na upepo atampa mmoja sifa za mwenziwe. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba vumbi hujibu swali kwa majibu matatu kwa wakati mmoja. Vumbi likiongezeka, huenda nchi ilikauka, huenda upepo ulizidi, huenda watu walifyeka msitu. Ndiyo maana halihojiwi peke yake. Huitwa pamoja na chavua, masizi, diatomu na madini, na kila mmoja hutoa ushahidi wake.

Wakati huohuo daftari halijafungwa. Kila kiangazi kusi hupita juu ya Songea, ikibeba wekundu wa udongo na masizi ya mashamba, na siku hizi pia unga wa saruji na mpira wa matairi, na kiasi fulani hufika ziwani na kushuka gizani. Barabara ya kwenda Mbamba Bay, iliyokuwa ikitimua vumbi kwa miongo mingi, sasa imewekwa lami. Mchunguzi wa miaka elfu tano ijayo atakapolipasua tope la miaka hii na kukuta wekundu umepungua, itambidi aamue kama mvua ziliongezeka, au upepo ulichoka, au mkandarasi alipita.